MIONZI YENYE NGUVU KUU ITOKAYO MBINGUNI: CHANZO CHAKE KI WAPI?

Mwaka 2008, katika darasa la jioni hapa Mazwi, mwandishi wa makala haya alisimama mbele ya watu wapatao ishirini akasema maneno ambayo leo hana budi kuyasahihisha. Alisema kwamba wataalamu wa sayansi wamekwisha vumbua mahali inapotoka ile mionzi yenye nguvu kuliko yote inayoishukia dunia, na kwamba mahali hapo ni katika mioyo ya galaksi za mbali. Kisha, kwa kupendezwa na maneno yake mwenyewe, akaongeza kwamba jambo hilo limetajwa wazi katika Sura At-Tariq, panaposemwa habari za nyota yenye mwanga upenyao.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo ndugu mmoja mfanyabiashara wa nafaka, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia katika Uislamu. Aliyashika maneno yale, akayatumia mara nyingi alipozungumza dini na jirani zake. Miaka michache baadaye mwalimu mmoja wa sekondari alimwonyesha, mbele ya watu, kwamba wataalamu wale wale wamelipunguza dai lao. Ndugu yetu alinyamaza. Aliporudi kwangu hakunilaumu kwa maneno mengi, alisema tu, "Mwalimu, ulinipa mkuki wa tete."

Sasa kijana mwingine, ambaye bado anaichunguza dini na hajaamua lolote, ameleta swali lile lile. Kwanza auliza: mionzi hii ni nini, na yatoka wapi? Pili auliza: je, ni kweli kwamba Qur'ani Tukufu imekwisha litaja jambo hili? Na tatu, kwa kuwa sisi tunakaa Sumbawanga, auliza kama mionzi hii yahusiana na radi. Tutayajibu yote, lakini la kwanza litachukua nafasi kubwa, kwani asiyelijua hilo hawezi kuyapima mengine.

Mionzi ni nini

Mnamo tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess, mtaalamu wa Austria, alipanda katika puto kubwa hadi urefu wa mita 5,300 hivi, akiwa na vyombo vya kupimia mionzi. Wakati ule wengi walidhani kwamba mionzi yote hutoka katika mawe na udongo wa ardhi. Kama ingekuwa hivyo, mtu akipanda juu angeikuta imepungua. Hess aliikuta imeongezeka mara kadhaa. Akahukumu kwamba yatoka juu, nje ya dunia, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Jina "mionzi" limebaki kwa mazoea tu. Kwa hakika nyingi katika hizo si mwanga, bali ni chembe: viini vya atomu vilivyovuliwa elektroni zake, vikienda kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Chembe moja ikiipiga hewa ya juu huvunja kiini cha atomu ya hewa, na vipande vyake huvunja vingine, hata mvua nzima ya chembe ndogo humwagika chini. Pierre Auger wa Ufaransa aliichunguza mvua hii mwaka 1938. Nyosha kiganja chako sasa hivi, msomaji: karibu kila sekunde moja chembe iliyozaliwa katika mvua ya namna hiyo hukipenya. Sisi wa uwanda wa Ufipa, tunaokaa karibu mita 1,800 juu ya bahari, tunapata zaidi kidogo kuliko ndugu zetu wa Dar es Salaam, kwa kuwa hewa iliyo juu yetu ni pungufu.

Nyingi katika chembe hizi ni za nguvu ndogo. Jua letu hutoa baadhi yake, na zilizo nyingi hutoka ndani ya galaksi yetu hii, ambayo ukanda wake mweupe huonekana angani usiku wa kiangazi. Nyota kubwa zinapolipuka na kufa, mawimbi ya mlipuko husukuma chembe kwa karne nyingi. Mwaka 2013 dalili ya wazi ya jambo hili ilionekana katika mabaki mawili ya nyota za namna hiyo. Hapo hapana ubishi mkubwa.

Ubishi uko juu zaidi. Tarehe 27 Mei 2021, vyombo vilivyotandazwa jangwani Utah, Marekani, vilipata mvua ya chembe iliyotokana na chembe moja tu, ambayo nguvu yake ilikadiriwa kuwa elektronivolti 244 zikifuatwa na sifuri 18. Nambari hii haimwambii mtu kitu, basi tuseme hivi: mfuko wa unga wa kilo moja ukianguka kutoka urefu wa mita nne, pigo lake juu ya sakafu ndilo pigo la chembe ile. Na mfuko wa unga una atomu zisizohesabika, ilhali hiki kilikuwa kiini kimoja cha atomu. Mtambo mkubwa kuliko yote uliojengwa na wanadamu kwa kazi hii, ulio chini ya ardhi karibu na Geneva, hauwezi kuipa protoni moja hata sehemu moja katika milioni thelathini ya nguvu hiyo. Wataalamu waliotangaza habari hii Novemba 2023 waliiita chembe hiyo Amaterasu, jina la mungu wa jua katika dini ya jadi ya Wajapani. Jina hilo hatuna haja nalo, habari yake tunaihitaji. Nyingine yenye nguvu zaidi kidogo ilikwisha kupatikana huko huko Utah tarehe 15 Oktoba 1991.

Kwa nini chanzo hakionekani

Mtu aliyetoka kijiji chochote cha uwandani akashuka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Rukwa, hufuata njia yenye kona nyingi. Wewe uliye bondeni ukimwona akitokeza katika kona ya mwisho, huwezi kusema ametoka kijiji gani kwa kutazama tu upande uso wake unaoelekea. Hali ya chembe hizi ndiyo hiyo. Zina umeme, na kila chenye umeme hupindwa na nguvu za sumaku. Galaksi yetu ina sumaku hafifu iliyoenea kote, na baina ya galaksi pia imo. Chembe husafiri miaka mamilioni ikipindwa huku na huko, na inapofika kwetu upande inakotokea si lazima uwe upande ilikoanzia.

Nuru haina tabia hiyo. Yenda moja kwa moja. Kwa hiyo wataalamu walifikiri: palipo na chembe zenye nguvu, huenda pakawa na eksirei na mionzi ya gama pia, na hizo ni jamaa za nuru. Tuzitafute hizo, zituonyeshe tanuri liko wapi. Lakini hewa yetu huzizuia, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu ni vyema izizuie. Basi chombo chapasa kupelekwa juu ya hewa.

Hapo ndipo pwani yetu ya Afrika Mashariki ilipoingia katika historia hii, na ni ajabu kwamba watoto wetu hawafundishwi habari zake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kwa kuchunguza eksirei za mbinguni. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, setilaiti ile iliitwa Uhuru. Ilikusanya orodha ya vyanzo vya eksirei 339. Hata leo mtaalamu wa Japani au wa Chile akiandika jina la nyota fulani huanza na nambari 4 na herufi U, na U hiyo ni neno letu la Kiswahili. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu iko karibu na ikweta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, si mbali sana na dunia, huepuka sehemu ambazo chembe zenye umeme zimenaswa kwa wingi na sumaku ya dunia. Chembe hizo hukisumbua chombo kama kelele za mashine ya kukoboa zinavyomsumbua mtu anayesikiliza redio. Novemba 1972 kutoka jukwaa lile lile ilirushwa nyingine, SAS-2, ya kuchunguza mionzi ya gama. Ilifanya kazi miezi saba tu ikaharibika. Lakini ilionyesha kwamba ukanda wa galaksi yetu wang'aa kwa mionzi ya gama, kwa sababu chembe zetu za mbinguni zinaligonga vumbi na gesi iliyomo humo. Maana yake ni kwamba chembe hizi si mgeni aliyepita kwetu peke yetu, bali zimejaa katika galaksi nzima.

Tanuri la namna gani?

Wazee wa Kifipa walifua chuma kwa njia mbili. Kwanza waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, ambayo mabaki yake bado yaonekana katika vijiji vyetu. Malungu hayakuhitaji mivukuto. Urefu wake wenyewe uliivuta hewa kwa mirija ya chini, na moto ukawaka kwa muda mrefu. Kisha waliisafisha kazi ile katika kintengwe, tanuri dogo lenye kuvukutwa kwa nguvu. Jambo kubwa, moto wa polepole. Au jambo dogo, moto mkali.

Mwaka 1984 mtaalamu wa Kiingereza A. M. Hillas alitoa hesabu ambayo, kwa mtu wa Ufipa, ni rahisi kuielewa. Chembe haipewi nguvu yote kwa pigo moja. Husukumwa kidogo, hurudi, husukumwa tena, kama Enrico Fermi alivyoeleza mwaka 1949. Lakini ili irudi kusukumwa tena yapasa izuiliwe na sumaku ya mahali hapo. Ikiponyoka, kazi imekwisha. Kwa hiyo mahali panapoweza kuzaa chembe za nguvu kuu ama pawe papana sana hata kama sumaku yake ni hafifu, ama pawe padogo penye sumaku kali mno. Ukipita katika viumbe vyote vya mbinguni kwa kipimo hiki, vingi mno huanguka. Jua letu huanguka. Mabaki ya nyota zilizolipuka katika galaksi yetu pia hayafiki. Hubaki vichache: nyota ndogo zilizoshindiliwa zenye sumaku ya kutisha, galaksi ambazo nyota zinazaliwa na kufa kwa haraka sana, na galaksi ambazo katikati yake mna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua, linalorusha mikondo mirefu ya gesi kwa mwendo mkali.

Kuna sharti jingine. Mwaka 1966 Greisen wa Marekani, na Zatsepin na Kuzmin wa Urusi, walionyesha kwamba mwanga hafifu uliojaa ulimwengu mzima tangu mwanzo wake, uliogunduliwa mwaka mmoja kabla, huzipunguzia nguvu chembe zilizo kali mno zinapokuja kutoka mbali. Hivyo chembe kama ile ya mwaka 2021 haiwezi kuwa imetoka upande wa pili wa ulimwengu. Yapasa itoke katika ujirani wetu, kama twaweza kuita miaka ya nuru mamilioni mia kadhaa ujirani.

Tulichokosea

Chembe za daraja hili ni adimu: katika eneo la kilomita moja ya mraba huanguka chini ya moja katika miaka mia. Anayetaka kuzikusanya yapasa atandaze vyombo katika nchi nzima. Karibu na Malargüe, Argentina, ndivyo ilivyofanywa. Matangi yapatayo 1,660, kila moja lina tani 12 za maji safi, yamewekwa kilomita moja na nusu baina ya moja na jingine, katika eneo la kilomita za mraba 3,000, karibu sawa na Unguja mara mbili. Chembe ikipita ndani ya maji hutoa mwanga mdogo wa buluu, na mwanga huo huandikwa. Kituo hicho kimepewa jina la Pierre Auger.

Novemba 2007 wataalamu wa kituo hiki walitangaza kwamba katika chembe 27 zenye nguvu kuliko zote walizokuwa nazo, 20 zilitokea karibu na galaksi zenye mashimo meusi yanayofanya kazi. Dunia nzima iliandika: chanzo kimepatikana. Nami nikasema hivyo hapa Mazwi, tena bila kusoma kwamba wenyewe walitumia maneno ya tahadhari kuliko magazeti. Waliendelea kukusanya. Kufikia mwaka 2010 walikuwa na chembe 69, na sehemu iliyopatana na galaksi zile ilikuwa imeshuka hadi asilimia 38. Walilichapisha hilo wao wenyewe, kwa majina yao, bila kushurutishwa na mtu. Aliyebaki na dai la zamani ni mimi na wasikilizaji wangu.

Kazi haikusimama. Septemba 2017 walitangaza jambo dogo zaidi lakini imara zaidi. Walichukua chembe zaidi ya 30,000 zilizokusanywa tangu mwaka 2004, wakaona kwamba upande mmoja wa mbingu hutoa nyingi kuliko mwingine, kwa asilimia sita hivi, na upande huo uko mbali na kitovu cha galaksi yetu. Kama chembe hizi zingezaliwa humu mwetu, wingi ungeelekea kitovuni. Basi zatoka nje ya galaksi yetu: hili laweza kusemwa.

Zaidi ya hapo ni dalili. Kuna kidogo cha ziada upande wa nyota za Centaurus, ambako iko galaksi iitwayo Centaurus A, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, moja ya zile ambazo eksirei zake ziliandikwa na Uhuru. Mwaka 2009 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, zilizopewa jina la yule Hess wa puto na zilizojengwa juu ya uwanda wenye mita 1,800 kama wetu, ziliona mionzi ya gama kutoka huko. Na mwaka 2020 zilionyesha kwamba mionzi hiyo yatoka katika mkondo wa gesi wenyewe, kwa urefu wa maelfu ya miaka ya nuru. Hivyo tanuri lipo na linawaka. Lakini ziada ile ya chembe bado haijafikia kipimo walichojiwekea wataalamu, kwamba nafasi ya bahati tupu iwe chini ya moja katika milioni. Na ile Amaterasu ya mwaka 2021 ilipofuatwa nyuma ilielekea mahali ambapo hapana karibu galaksi yoyote.

Ugumu umezidishwa na chuma. Vipimo vya Argentina vyaonyesha kwamba kadiri nguvu inavyopanda, viini huwa vizito zaidi. Kiini cha chuma kina protoni 26. Kwa hiyo katika tanuri lile lile hupata nguvu mara 26 kuliko protoni moja, na njiani hupindwa mara 26 kuliko protoni yenye nguvu sawa na yake. Msomaji asichanganye jambo hili na kimondo cha Mbozi, ambacho wengi wetu tumekiona tukipitia njia ya Tunduma. Kile nacho ni chuma kilichotoka mbinguni, lakini ni pande la tani nyingi lililoanguka kwa mwendo wa jiwe. Hizi ni atomu mojamoja.

Maswali mawili yaliyobaki

Je, Qur'ani Tukufu imeitaja mionzi hii? Sura At-Tariq yataja nyota na mwanga wake upenyao, na wafasiri wameieleza kwa njia mbalimbali. Hakuna aliyeisoma kabla ya mwaka 1912 akasema, "Basi kuna chembe zinazoshuka kutoka galaksi za nje." Sisi tulisema baada ya wengine kupanda puto. Isitoshe, kama ningelifunga lile dai la 2007 pamoja na aya, aya ingeonekana kuanguka mwaka 2010 dai lilipoanguka, hali iliyoanguka ni hesabu ya chembe 27. Na ndivyo ilivyomtokea ndugu yetu mbele ya watu. Kinachosemwa wazi, na hakihitaji kunyooshwa, ni agizo la kuzitazama mbingu na kuzitafakari. Profesa Abdus Salam, Muislamu Mwahmadiyya aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alipozungumza katika karamu ya tuzo ile alisoma maneno ya mwanzo wa Sura Al-Mulk yahusuyo kuitazama mbingu tena na tena. Aliyasoma baada ya kazi yake kupimwa na kukubaliwa na wengine kwa vipimo vyao. Hakuyaweka mahali pa hesabu.

Kuhusu radi: jina la mji wetu lenyewe hufasiriwa kuwa ni wito wa kuutupa uchawi, na bado wapo wanaosema kwamba radi ya hapa hutumwa na watu. Wako wataalamu wanaofikiri kwamba mvua ya chembe ikipita katika wingu lililojaa umeme huenda ikausaidia mweko kuanza, wengine hawakubali. Ikiwa ndivyo au sivyo, radi hutoka katika umeme wa wingu, na hapana mtu wa Mazwi awezaye kukitumia kiini cha chuma kilichoondoka kwao kabla ya babu zake wote kuzaliwa.

Kijana wetu ameomba pia aonyeshwe Centaurus A. Mwezi wa Juni, yapata saa tatu usiku, mbingu ikiwa safi na baridi imeanza kuuma, na atazame kusini. Ataona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili zing'aazo. Galaksi yenyewe iko juu ya hapo. Kwa macho matupu haionekani, lakini kwa darubini ndogo ya mkononi hutokea kama kidoa cha moshi.

Yule ndugu wa nafaka alisomewa makala haya kabla hayajapelekwa kuchapwa. Aliomba jambo moja tu, kwamba nambari zile ziandikwe mahali atakapoweza kuweka kidole akiulizwa. Basi ni hizi: mwaka 2007, chembe 20 katika 27, mwaka 2010, asilimia 38 ya chembe 69.